Vita Havina Macho: Ndege ya Ngiri Katika Kompyuta ya Mwanao



Ndugu wasomaji, mama mmoja wa hapa mjini ameniletea swali ambalo nimelisikia pia kwa wazazi wengine wawili watatu, kwa maneno mbalimbali lakini kwa wasiwasi ule ule. Mwanawe wa kidato cha tatu, akishamaliza kazi za shule, hukaa mbele ya kompyuta, visikizio masikioni na fimbo ya kuongozea mkononi, akirusha ndege ya vita. Wala si mchezo wa dakika kumi. Yaweza kupita jioni nzima akisoma kitabu kinene cha Kiingereza na kubonyeza swichi moja baada ya nyingine. Kisha, kwa sekunde chache tu, vifaru vinawaka moto na kijana anashusha pumzi kwa furaha. Mama auliza: ndege hii ipo kweli, au ni mambo ya kubuni? Na je, amkataze?

Swali la pili halijibiki vizuri kabla ya la kwanza. Mzazi akatazapo jambo asilolijua, mtoto hutambua mara moja kuwa mkubwa wake hajui alisemalo, na katazo lenyewe hupungua uzito. Hivyo basi, wiki hii tuijue ndege hiyo, kisha tuujue mchezo wake, halafu tuyataje yale ambayo mchezo huo hauyataji.

Ngiri mwenye mabawa

Ndege aipendayo kijana huyo ipo kweli, tena ina umri mkubwa kuliko wazazi wengi watakaousoma ukurasa huu. Jina lake rasmi ni A-10 Thunderbolt II, nayo iliundwa na kampuni ya Fairchild Republic ya Marekani. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 10 Mei 1972, na hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1984 zilikuwa zimekwisha kuundwa 716. Marubani waliliacha kando jina hilo refu wakaiita Warthog, yaani ngiri, mnyama yule ambaye msafiri wa Nairobi apitapo Tsavo humwona akikimbia na mkia wake umesimama wima. Jina limeisibu. Mabawa yake yamenyooka kama mbao, injini zake mbili zimebandikwa juu mgongoni karibu na mkia, na puani mwake umechomoza mzinga.

Wazee wetu wasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kinachoonekana kibaya katika ndege hii kiliwekwa kwa sababu. Ndege nyingi za kivita huundwa ziwe na kasi ya kupigana na ndege nyingine angani. Hii iliundwa iruke chini na polepole juu ya uwanja wa vita, iwasaidie askari wa miguu kwa kuvishambulia vifaru vya adui. Zama hizo Marekani na washirika wake waliogopa kwamba Wasovieti wangeingiza maelfu ya vifaru katika Ulaya Magharibi. Mwendo wake wa juu kabisa ni kiasi cha kilomita 700 kwa saa, chini ya mwendo wa ndege ya abiria inayowachukua mahujaji wetu hadi Jeddah. Mabawa yaliyonyooka huiwezesha kugeuka katika nafasi ndogo bila kuanguka. Injini ziliwekwa juu ili zisivute mchanga na mawe ya viwanja vibovu, na ili mkia uufiche moto wake usionekane na makombora yafuatayo joto.

Moyo wa ndege hiyo ni mzinga uitwao GAU-8, wenye mitutu saba inayozunguka. Hutema risasi za kipenyo cha milimita 30 kwa kasi ya 3,900 kwa dakika, yaani 65 kwa kila sekunde. Ghala lake huchukua risasi 1,174. Mwambie mwanao apige hesabu: rubani akikishikilia kifyatulio bila kuachia, ghala zima litakuwa tupu kwa muda wa sekunde 18. Kwa sababu hiyo hupigwa kwa vipindi vya sekunde moja au mbili. Mzinga huo ni mkubwa hata gurudumu la mbele la ndege ilibidi lisogezwe upande mmoja, ili mtutu unaofyatua ukae katikati kabisa.

Rubani naye ameketi ndani ya kitu mfano wa beseni kubwa la chuma cha titani, lenye uzito wa kilo 540 hivi, limkinge na risasi zitokazo chini. Mifumo ya kuiongoza ndege imewekwa zaidi ya mmoja, na yote ikiharibika bado kuna nyaya ambazo rubani huweza kuzivuta kwa nguvu za mikono yake. Jambo hilo lilithibitika tarehe 7 Aprili 2003, pale rubani wa kike, Kapteni Kim Campbell, alipopigwa akiwa juu ya Baghdad. Mkia ulitobolewa matundu chungu nzima, shinikizo la mafuta linaloendesha usukani likapotea, naye akairudisha ndege kambini kwa nyaya zile.

Warusi nao walikuwa na yao. Su-25 iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1975, na kuanzia mwaka 1981 ikapelekwa Afghanistan. Wao waliipa jina la Grach, ndege mweusi wa jamaa ya kunguru. Pande mbili zilizochukiana zilikaa mbalimbali, kila moja na wahandisi wake, zikaunda ngiri na kunguru kwa kazi ile ile moja.

Mchezo uliotoka katika mafunzo ya jeshi

Sasa tuje kwenye kompyuta. Michezo ya ndege hii si mipya. Tangu mwaka 1989 ulikuwapo mmoja uitwao A-10 Tank Killer, wenye picha za kukwaruzakwaruza. Anaoucheza kijana wetu ni wa daraja nyingine. Huitwa DCS, na waundaji wake ni kampuni ya Eagle Dynamics. Ndege ya A-10C iliingizwa humo mwaka 2011, na toleo lililoboreshwa likatoka mwaka 2020. Wazazi wengi hawajui kwamba asili yake ni programu ya mafunzo iliyotengenezwa kwa ajili ya marubani wa kikosi cha anga cha akiba cha Marekani, kisha ikafanyiwa mabadiliko na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Ile Su-25, kwa umbo lake la Su-25T, hutolewa bure kwa kila mwenye kuipakua programu hiyo, ili kumvuta mchezaji mpya.

Kwa kuwa asili ni mafunzo, mchezo huu hauna pupa. Kitabu chake cha maelekezo kimezidi kurasa 600. Kuiwasha ndege iliyolala ni darasa zima: betri kwanza, kisha injini ndogo ya kuwashia, kisha injini moja, kisha ya pili, halafu rubani hungoja dakika kadhaa mpaka chombo cha kuonyesha njia kijue kilipo. Akiruka hatua moja, haendi popote. Akishapaa, upepo humpeleka upande, mafuta hupungua, na zamu moja kali kupita kiasi humdondosha.

Hata kushambulia kuna utaratibu. Askari mwelekezaji aliyeko ardhini, ambaye katika mchezo ni sauti ya kompyuta, humsomea rubani taarifa ya mistari tisa: aanzie wapi, aelekee upande gani, umbali ni kiasi gani, kimo cha mahali penyewe, shabaha ni kitu gani, iko wapi, imetiwa alama gani, askari wa upande wake wako wapi, na akimaliza atokee njia ipi. Rubani hurudia sehemu zilizo muhimu ili kuhakikisha amesikia sawasawa. Kisha ndipo apewapo ruhusa.

Ndugu msomaji, sitakuwa mwadilifu nisipoyasema mema yaliyomo. Kijana anayeweza kukaa na kitabu cha kurasa 600 na kukielewa ana subira ambayo walimu wake wangeitamani darasani. Anajifunza pembe, mwendo, uzito na upepo, tena kwa vitendo. Anasoma ramani. Wako marubani wa ndege za abiria waliovutwa na kazi hiyo kwa michezo ya namna hii, na hapa kwetu Kenya chuo cha usafiri wa anga kiko Embakasi, Nairobi, kinachofundisha mafundi wa ndege, waongozaji wa safari za anga na kazi nyingine za uwanjani. Mzazi aliyeyaona mapenzi ya mwanawe yakielekea huko, na akayazima kwa neno moja la hasira, huenda akawa amezima taa aliyokuwa akiitafuta.

Wasiomo katika mchezo

Hata hivyo, mchezo umeiga kila swichi ya ndege, na haukumwiga mtu aliyeko chini. Kifaru hulipuka, waliokuwa ndani yake hawatoki. Magari ya raia huweza kuonekana barabarani, lakini nyumba hazina wenyewe, na hakuna anayefika jioni kuulizia aliyepotea. Rubani akikosea, huanza upya. Hapo ndipo penye hatari, na haiwi ndogo kwa sababu kijana ni mtulivu na ana adabu. Huenda ikawa kubwa zaidi kwake, kwa kuwa amezoea kuona kwamba kila kilicho sahihi katika mchezo huo ni sahihi kweli.

Basi tumsimulie yaliyotokea kwa ndege hii hii. Tarehe 26 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, ndege mbili za A-10 zilishambulia magari ya deraya jangwani nchini Iraq, zikidhani ni ya adui. Yalikuwa ya Waingereza, washirika wao. Askari 9 waliuawa. Miaka 12 baadaye, tarehe 28 Machi 2003, karibu na Basra, ndege mbili za aina hiyo ziliona msafara wenye vitambaa vya rangi ya machungwa juu ya magari. Vitambaa hivyo viliwekwa makusudi, viwe alama ya kwamba hawa ni wenzetu. Marubani walivitazama kutoka juu wakasadiki kwamba ni makombora, wakapiga. Askari mmoja kijana wa Kiingereza akafariki. Sauti za marubani zilirekodiwa. Baadaye, mwaka 2007, zilipotoka hadharani, ulimwengu ukasikia furaha ikigeuka majuto pale walipoambiwa redioni ni nani waliowapiga.

Ulizingatie hilo, mzazi mwenzangu. Hawa hawakuwa watoto wachezao. Walikuwa watu wazima, wamefundishwa kwa miaka, nao walikuwa na redio, darubini na mwelekezaji. Alama iliyowekwa ili iokoe ndiyo iliyosomwa kuwa sababu ya kuua. Wazee wetu hawakuiona ndege hata moja walipotuachia neno kwamba vita havina macho, na neno lao limekuwa kweli mpaka angani.

Walikufa askari, na askari hujua alichokwenda kukifanya. Lakini tarehe 6 Desemba 2003, katika jimbo la Ghazni nchini Afghanistan, ndege ya A-10 ilipiga kijiji kiitwacho Hutala ikimkusudia mtu mmoja aliyetafutwa. Askari wa Marekani walipofika kwa miguu kuukagua mahali, walikuta maiti za watoto 9. Jeshi lilitoa salamu za kusikitika. Tazama tena ile taarifa ya mistari tisa niliyoitaja: mna mstari wa kimo, mna mstari wa njia ya kutokea, mna mstari wa askari wetu wako wapi. Suala la watoto wa kijiji halina mstari wake humo. Lazima mtu alikumbuke mwenyewe na kuliuliza nje ya mistari hiyo, na asipoliuliza, karatasi itakuwa imejazwa kikamilifu na kosa litakuwa palepale.

Iko na ya tatu, ya baada ya vita. Risasi za mzinga wa ndege hii zinazokusudiwa kutoboa vifaru zina kiini cha urani iliyopunguzwa nguvu, madini mazito kuliko risasi ya kawaida. Zilitumika Iraq mwaka 1991 na tena mwaka 2003. Vita vikapita, na mabaki na vumbi vikabaki katika ardhi ambayo watu hulima na watoto hucheza. Mjadala wa wataalamu kuhusu madhara yake ni mrefu. Kwa leo yatosha kijana ajue kwamba risasi iliyofyatuliwa kwa sekunde moja yaweza kukaa mchangani kwa vizazi. Katika kompyuta, mchanga husafishwa kila mchezo unapoanza.

Na ramani nazo zatuhusu. Mchezo huu una ramani ya Ghuba iliyotolewa mwaka 2018, ndani yake Dubai, Mlango wa Hormuz, na rasi ya Musandam ya Oman. Una ramani ya Syria ya mwaka 2020, yenye Damascus, Aleppo na Beirut. Mwaka 2024 ikaongezwa Afghanistan. Nani kati yetu hana ndugu, shangazi au jirani aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki? Koo ngapi za Mombasa na Lamu zina jamaa Oman hadi leo? Kwa mchezaji aliye mbali kabisa, huo ni mji wa kuchora. Kijana wetu anapopita juu ya Dubai kwa mabawa ya ngiri, anapita juu ya chumba cha mtu ampigiaye mamake simu kila wiki. Hiyo haimaanishi kwamba amefanya dhambi ya kuua. Inamaanisha kwamba yeye ana njia ya kukumbuka ambayo wenziwe wengi hawana, na haifai tuiache ipotee.

Picha za mchezo zikigeuzwa habari

Jambo jingine latugusa sote, hata tusiokuwa na kompyuta nyumbani. Michezo hii imefikia uhalisi ambao jicho la mtu wa kawaida haliwezi kuutambua, hasa katika kioo kidogo cha simu. Novemba 2017 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilichapisha picha ikizitaja kuwa ushahidi usiopingika kwamba Marekani iliwasaidia wapiganaji wa Daesh. Mojawapo ilikuwa imekatwa kutoka mchezo wa simu unaoigiza ndege ya AC-130, ambayo nayo kazi yake ni kushambulia ardhini. Wizara ikaziondoa na kumlaumu mfanyakazi wake.

Februari 2022, vita vya Ukraine vikiwa na siku mbili tu, ilienea video ya ndege ikiiangusha nyingine, ikasemwa ndiye yule rubani shujaa, Mzuka wa Kyiv. Ukurasa wa Wizara ya Ulinzi ya Ukraine nao ukaisambaza. Video hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa DCS, mchezo uleule ulio mezani kwa kijana wetu. Ilipofika mwisho wa Aprili, jeshi la anga la nchi hiyo lilikiri kwamba shujaa huyo ni wa ngano. Na tangu hapo, kila vita vinapozuka, video za michezo ya namna hii, hasa mmoja uitwao Arma 3, hutumwa kwa mamilioni zikiitwa za kweli. Novemba 2022 waundaji wa Arma 3 wenyewe walilazimika kutoa maelezo ya namna ya kuzitambua: mara nyingi huwa hazionekani vizuri, zimetikisika, ni za usiku, hazina sauti, na hazina watu wanaotembea.

Katika vikundi vyetu vya simu, vya familia na vya mtaa, video kama hizo huingia kila mara ya msiba wa Waislamu popote duniani. Tunazituma kwa uchungu wa kweli. Lakini uchungu wa kweli hauifanyi picha ya uongo kuwa kweli. Ipo methali watu hupenda kujikinga nayo, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo haikuwekwa iwe kibali cha kueneza. Sisi tumeamrishwa katika dini yetu kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na madhara ya video ya uongo humrudia aliyedhulumiwa kwelikweli: siku atakapoleta ushahidi wake halali, ataambiwa, huo nao ni mchezo wa kompyuta.

Hapa ndipo mchezaji wa nyumbani mwako awezapo kuwa na faida kuliko sote. Yeye azijua picha hizo. Ajua moshi wa mchezo ulivyo, ajua maandishi ya kijani yaliyo katika kioo cha rubani, ajua kwamba kifaru kile hulipuka namna ile ile kila kinapolipuka. Mpe kazi. Mwambie: mwanangu, kabla shangazi yako hajaituma video hii, itazame utwambie. Kijana aliyepewa amana ya kusema kweli mbele ya wakubwa huketi kwa heshima.

Jibu kwa mama aliyeuliza

Baada ya hayo, jibu langu ni hili. Sioni kwamba yapasa kumpokonya fimbo ile na kuitupa. Wala sioni kwamba yafaa kumwacha peke yake na mlango umefungwa.

Kwanza, wakati. Mchezo wenye taratibu ndefu humeza saa bila mwenyewe kuhisi, kwa sababu safari moja kamili yaweza kuchukua saa moja na zaidi. Usimwambie tu "acha sasa hivi" akiwa angani. Patana naye kabla hajapaa. Akijua swala ya isha iko karibu, aahirishe kuiwasha injini. Mchezo unaomfundisha kupanga mafuta ya kwenda na kurudi hauwezi kushindwa kumfundisha kupanga jioni yake.

Pili, keti naye. Usikae kama askari mlinzi. Kaa kama mgeni aliyekaribishwa. Mwombe akuonyeshe jinsi ya kuiwasha ndege. Utamwona akieleza kwa ufasaha usioujua. Akishakushambulia hicho kifaru chake, muulize maswali matatu kwa upole: Umejuaje kwamba ni adui? Nani mwingine alikuwa karibu naye? Na kama umekosea, nani atakwambia? Usimjibie. Mwache atafute. Maswali hayo matatu ndiyo ambayo wale marubani wa 2003 walihitaji kujiuliza kabla ya kupiga.

Tatu, mwongezee historia. Anayejua kwamba mzinga una mitutu saba ajue pia jina la Hutala. Anayejua beseni la titani lina kilo 540 ajue kwamba wanakijiji hawakuwa na beseni lolote. Elimu ya chombo bila elimu ya kilichofanywa na chombo hicho ni nusu ya elimu, na nusu hiyo ndiyo inayouzwa madukani, kwa sababu hiyo nyingine haina mnunuzi.

Nne, mfungulie mlango. Ikiwa ndege ndiyo iliyomteka, mpeleke siku moja uwanja wa ndege wa Moi aone kazi zilivyo, azungumze na fundi au mwongozaji ikiwezekana. Programu hizo hizo za kompyuta zina ndege za abiria katika michezo mingine, ambako ushindi ni kuwashusha watu salama katika mvua ya masika. Huenda akaona kwamba hilo ni gumu zaidi, na kijana mwenye akili hupenda lililo gumu zaidi.

Ndege ya ngiri yenyewe imezeeka. Jeshi la anga la Marekani limejaribu mara nyingi kuistaafisha, na mara nyingi Bunge lao likaizuia, na marubani wake wameitetea kwa mapenzi. Iko siku haitaruka tena. Ndani ya kompyuta itaendelea kuruka, changa kama mwaka 1972, mikononi mwa watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita ilivyopigana. Kwa hiyo kazi ya kueleza ilifanya nini na kwa nani imebaki juu yetu sisi tulio nyumbani, kwa kuwa mashine haitaieleza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wanetu, awape macho ya kuona hata pale vita vinapokosa macho. Tukutane wiki ijayo, inshallah.